Dawa ya Kahawa Ndani ya Maji ya Kompyuta

Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi alinikuta sokoni nikichagua viazi, akaniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaosomea kompyuta jinsi sisi wa zamani tulivyokuwa tukizipoza kwa maji. Akasema niweke na maneno ya kutia moyo. Nikamwambia ya maji ninayo mengi, ya kutia moyo akayatafute kanisani. Kwa hivyo mkiona nimekasirika, jueni sikuanza leo na sikuanzia kwenu. Ingawa na nyinyi pia mnanikasirisha kidogo, kwa sababu mnafanana na mimi nilivyokuwa: mnapenda sana kuambiwa mko sawa.

Naitwa Gichuki, wa Tetu. Darasa la nne ndilo la mwisho nililoliona. Nina miaka hamsini na miwili, wenzangu wa umri huu bado wako kazini, lakini mimi nilipewa barua nikaambiwa nikapumzike. Watu nitawataja. Meneja aliitwa Nderi. Karani wa stoo aliitwa Munene. Wa tatu mtamjua tukifika kwake.

Chama chetu cha wakulima kilikuwa na ofisi hapa Nyeri mjini, na wakati ule kahawa ilikuwa kahawa. Bei ilipanda mpaka chama kikanunua kompyuta. Msifikirie hizi zenu za kuwekwa mezani kama redio. Ile ilikuwa kama makabati matatu ya nguo yamesimamishwa pamoja, ilikuwa imetumika Nairobi miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwetu, na ilitoa joto la kuanika nguo. Kazi yake ilikuwa kujumlisha kilo za kila mkulima. Ikizima, kilo zinabaki kwenye magunia ya karatasi, na wakulima wanakuja kusimama getini na mvua yao na hasira yao.

Sasa maji. Yalikuwa ya aina mbili, na hapa ndipo wengi walipotea. Maji ya ndani yalizunguka ndani ya mashine yenyewe, yakipita kwenye mabamba ya alumini yaliyobanwa juu ya zile sehemu zinazochemka. Maji ya nje yalitoka kwenye mtambo wa baridi uliokuwa uani, kama friji kubwa inayonguruma. Yote mawili yalipita kwenye sanduku moja la chuma katika chumba cha pampu, na mle ndani yakapeana joto bila kuchanganyika. Yalipitana kama mtu na mama mkwe wake njiani. Kila mmoja anajua mwenzake yupo, lakini hakuna kugusana.

Maji ya nje hata yakiwa na matope kidogo, mashine inavumilia. Maji ya ndani hapana. Ya ndani yalikuwa maji ya betri peke yake, yale ya mitungi ambayo makanika wanatia kwenye betri ya gari, yasiyo na chumvi wala kitu chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chumba cha pampu, na aliyeiweka ni Mzee Salim.

Mzee Salim alikuwa mtu wa Majengo, hapa hapa mjini. Baba yake alikuja na Wazungu kama mpishi kutoka pwani, mama yake alikuwa wa kwetu, Mgikuyu kamili. Alizaliwa Nyeri, akasoma madrasa Nyeri, akaoa Nyeri, na bado watu walimwita mtu wa kuja. Alizungumza Gikuyu safi kuliko Nderi, ambaye alipenda kuchanganya na Kizungu mpaka hujui ameanza wapi. Na Kiswahili hiki ninachowaandikia, kama kinasomeka, nilikiokota kwake, tukiwa tumelala chini ya sakafu na tochi mdomoni.

Kabla ya kompyuta, Salim alikuwa fundi wa pampu za viwanda vya kahawa. Mimi nilikuwa kibarua wake, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, chumba cha kukodi Skuta, kila Jumatatu sijui kama wiki itaisha niko na kazi. Siku moja tuliitwa Kiriaini. Pampu ya kiwanda ilikuwa imekataa kuleta maji, na kahawa iliyokoboliwa ilikuwa inaanza kunuka. Mimi nilishuka na spana mkononi, nikaifungua ile pampu mpaka nati ya mwisho, nikaipanga juu ya gunia vizuri kama mtu anayeuza. Salim alikuwa amekaa kivulini anaongea na watu. Saa nzima. Nikajiambia huyu mzee amekuja kupiga hadithi. Baadaye akaja, akaniambia niirudishe yote kama nilivyoikuta. Bawabu alikuwa amefunga valvu ya juu jioni iliyotangulia ili ajaze debe la ng'ombe wake, akasahau. Pampu haikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Akaniambia neno ambalo nataka mliandike mahali: kabla hujauliza mashine, uliza watu. Na swali ni moja. Jana mligusa nini? Usiulize nani ameharibu, kwa sababu hapo kila mtu ataficha mikono. Uliza mligusa nini. Halafu nyamaza, usubiri.

Niliwacheka mafundi wengi baadaye kwa kutojua swali hilo. Sikuwa na haki ya kucheka mtu.

Kwenye kompyuta nilianza kwa aibu pia. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ya siku nzima, hewa imelowa. Nikakuta bomba la maji ya nje linadondosha. Nikachukua spana nikakaza kiungo. Bado linadondosha. Nikakaza tena. Kiungo kikapasuka, maji ya baridi yakaniruka usoni, na tangu siku hiyo wasichana wa kupiga chapa ofisini wakawa wananiita Mbatizaji. Salim alifunga valvu, akakaa kwenye ndoo, akacheka mpaka akashika ubavu. Bomba la baridi kwenye hewa yenye mvua hutoka jasho, kama chupa ya soda. Halikuwa linavuja. Lilikuwa linatoka jasho, nami nikalinyonga.

Basi jifunzeni hapo. Ukiona maji kwenye bomba, usikaze kitu. Pangusa kavu kwa kitambaa, halafu paka unga wa chaki. Ukirudi baada ya dakika kumi na chaki imelowa kote sawasawa, hilo ni jasho, livike blanketi uende nyumbani. Ukikuta mstari mmoja tu umelowa, fuata mstari mpaka juu yake, tundu liko pale. Na pampu usiisikilize kwa mbali. Weka ncha ya bisibisi kwenye tumbo la pampu, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Pampu nzima inavuma kama nyuki. Yenye hewa ndani inagugumia kama sufuria ya githeri inayochemka. Yenye beringi zilizokufa inasaga mawe. Shika bomba la kwenda na bomba la kurudi, mkono huu na mkono huu. La kurudi lazima liwe na joto zaidi kidogo. Yakiwa sawa, maji hayabebi kitu. La kurudi likikuchoma, maji yanapita kidogo mno, na hapo nenda ukaangalie chujio kabla ya kitu kingine chochote. Hayo yote ni ya Salim. Sikuongeza hata moja.

Alikuwa na sheria nyingine ndogo ndogo ambazo nilidhani ni za uzee. Ovaroli ya kazini ilibaki kazini, kwenye msumari nyuma ya mlango. Haikupelekwa nyumbani, na shambani ndiyo hata usiseme. Alisema shamba lina vitu vingi vya kufuata nguo. Na maji ya ndani aliyaonja. Kila Jumatatu anafungua kibomba kidogo, anatia tone kwenye ncha ya ulimi, anatema. Alisema maji mazuri hayana jina. Ukiyaonja ukapata jina, jua kuna mtu ameingiza kitu.

Sasa nifike kwa Nderi.

Nderi aliletwa kuwa meneja kwa sababu aliwahi kukaa ng'ambo miaka miwili, na kwa sababu ya shemeji yake, na hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Wiki ya kwanza aliona mitungi ya maji ya betri ikishushwa, akauliza ni nini. Salim akaeleza. Nderi akacheka mbele ya watu wote. Ati tuko chini ya Mlima Kenya, maji yanateremka kutoka kwenye theluji, wageni wanakuja kutoka mbali kuyaangalia, halafu sisi tunanunua maji ya mtungi kutoka Nairobi. Akafuta ununuzi wa mitungi siku hiyo hiyo. Akasema tuongeze ya bomba.

Salim alikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimebeba ngazi kwenye baraza, nikasikia. Salim alimwambia maji ya mlima ni matamu kwa sababu yana mlima ndani yake, na mashine haitaki mlima. Nderi akamwambia arudi kwenye chumba chake cha pampu. Basi kila yalipopungua tukawa tunaongeza ya bomba, na Salim akawa anasafisha chujio mara mbili kwa wiki badala ya mara moja kwa mwezi.

Haikufika miezi mitatu, maji ya ndani yakaota ukungu wa kijani. Mashine ilikuwa na kidirisha cha kioo mbele, cha kuchungulia maji yakipita. Ule ukungu ulionekana pale kama ndani ya kisima kilichoachwa. Ilikuwa sikukuu ya Idd, Salim yuko nyumbani siku tatu, na wiki ile ile wanakamati walikuwa wanakuja kuitembelea mashine yao. Nderi alichungulia, akaniita.

Aliniuliza shambani kwetu kahawa ikishikwa na ugonjwa tunafanya nini. Nikasema tunapiga dawa ya bluu. Akasema ile dawa inaua ukungu wa kahawa, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Akanitazama kama mwalimu aliyemaliza hesabu.

Nataka niwe mkweli kwenu, maana ndilo jambo pekee lililobaki kwenye hii karatasi. Nilijua. Sikujua sayansi yake, hiyo nilikuja kuijua baadaye, kwamba ile dawa ni shaba, na shaba ikiingia kwenye maji yanayopita kwenye alumini inaenda kujibandika pale na kuitafuna tundu tundu kama mchwa. Hilo sikulijua. Lakini nilijua sheria. Maji ya betri peke yake. Ningeweza kusema, Bwana Meneja, tumngoje Mzee, ni siku mbili tu.

Nderi akasema, "Gichuki, wewe ni kibarua mpaka lini? Nataka mtu wa kudumu kwa hiki chumba. Mtu wa hapa kwetu, mwenye anaelewa mambo haraka."

Nikaenda stoo. Munene alinipimia dawa kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo, akaniuliza kama Nderi amefungua shamba ndani ya ofisi. Tukacheka. Nikaikoroga ndani ya ndoo, nikapiga goti, nikaimimina kwenye tangi la maji ya ndani. Iliniruka kidogo kwenye ovaroli.

Siku ya pili maji yaling'aa. Kweli. Kwenye kile kidirisha yalikuwa safi, yamekaa rangi ya anga kidogo, mazuri kuliko yalivyowahi kuwa. Wanakamati wakapiga makofi. Salim akarudi kutoka Idd akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Siku hiyo haikuwa Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata Nderi alikuwa ametoa amri kwamba maji ya ndani yasifunguliwe tena, ati tunayachafua kwa kuyafungua. Kabla mwezi haujaisha nikapata barua ya kazi ya kudumu. Mke wangu aliiweka ndani ya Biblia.

Wiki ya sita, mashine ilianza kujizima. Inafanya kazi saa mbili, joto linapanda, inazima. Ilikuwa katikati ya mavuno. Salim akasema sasa amri au hakuna amri, tunafungua. Tukaanza kama alivyonifundisha. Bisibisi sikioni, pampu inavuma vizuri. Bomba la kurudi linachoma. Tukafungua chujio, na ndani hapakuwa na ukungu wa kijani. Palikuwa na tope jekundu, kama kutu lakini laini, linang'aa kidogo ukiligeuza kwenye mwanga. Tukaangalia mabamba. Tukapangusa, tukapaka chaki. Chaki ikaonyesha mistari. Haikuwa mmoja, ilikuwa kumi na kitu, inatoka kwenye vitundu huwezi kupitisha hata sindano. Chini, kwenye nyaya, kulikuwa kumelowa tayari. Ile mashine ilikuwa imekufa, ila haikuwa imejua.

Salim alikaa kwenye ndoo yake. Akaniangalia. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya Kiriaini.

"Gichuki, siku zangu za Idd mligusa nini?"

"Hakuna, Mzee."

Akanyamaza, akasubiri. Mimi nilijua anachofanya, kwa sababu nilimwona akifanya hivyo kwa watu mara hamsini. Hata hivyo sikusema.

Akafungua kile kibomba, akatia tone kwenye ulimi. Hakutema haraka. Halafu macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye goti langu. Kwenye ovaroli yangu palikuwa na doa la bluu, kubwa kama kiganja. Nilikuwa nimelifua mara nne. Tetu nzima kila mtu ana nguo yenye doa kama lile, hakuna mtu angeliuliza. Lakini ovaroli ile haikuwahi kutoka nje ya chumba kile.

Akatema. Akasema twende tukafunge maji ya ndani kabla hayajaleta madhara zaidi.

Injinia alitumwa kutoka Nairobi na kampuni ya mashine. Akachukua maji kwenye chupa, akaandika karatasi yake kwa Kizungu, akampa Nderi, akaondoka. Tuliloambiwa sisi ni hili tu: kuna mtu ameingiza kitu ndani ya maji. Wakulima walikuwa getini. Kamati ilitaka mtu.

Mkutano ulikuwa ofisini kwa Nderi, wanakamati wanne kwenye viti, Munene kwenye benchi, mimi na Salim tumesimama. Munene aliulizwa kama kuna kitu kilitoka stoo kikaenda chumba cha pampu. Alisema hakumbuki. Mtu aliyekumbuka nani alirudisha jembe bila mpini miaka miwili nyuma, siku hiyo hakukumbuka.

Halafu Nderi akasema ameambiwa, hakusema na nani, kwamba kuna mtu anafanya mambo ya dini yake ndani ya chumba cha pampu. Ananawa mikono na miguu mle ndani kila siku mchana. Na sasa maji yameharibika. Akasema yeye halaumu dini ya mtu, ati anauliza tu.

Kweli Salim alikuwa akitawadha mle. Kulikuwa na mfereji wa maji ya kawaida ukutani, wa kuoshea sakafu, na alinawa pale kabla ya sala ya adhuhuri, akatandika gunia safi nyuma ya pampu. Mfereji ule haukuwa na njia ya kufika kwenye mashine, kama vile mfereji wa jikoni kwenu hauna njia ya kufika mto Chania. Alieleza hivyo. Mwanakamati mmoja akasema mfereji ni mfereji.

Ndipo Nderi akanigeukia mimi. Hakuniuliza kuhusu dawa. Hakuwa mjinga.

"Gichuki, wewe uko naye kila siku. Umewahi kumwona Salim akinawa miguu kwa hicho chumba?"

Nikasema, "Ndiyo, nimemwona."

Basi. Hayo ndiyo niliyosema. Nimeyapima maneno hayo mawili miaka yote hii na sijapata uongo ndani yake. Nilimwona kweli. Mkitaka kujua mtu mwoga anavyoua mwenzake, msitafute mwenye kusema uongo. Tafuteni yule anayejibu swali aliloulizwa, hilo tu, halafu anafunga mdomo.

Salim hakuniangalia. Aliweka funguo za chumba cha pampu mezani, akauliza kama anaweza kwenda kuchukua bisibisi yake maana ni yake mwenyewe. Wakamkatalia. Ati ni kifaa cha uchunguzi.

Nimetaja Nderi, nimetaja Munene. Wa tatu ndiye huyu anayewaandikia.

Chama kilinunua mashine nyingine, ndogo, ya kupozwa kwa feni. Nderi alipandishwa cheo akaenda kukalia kiti kikubwa zaidi, akafa kitandani kwake na akazikwa na kwaya mbili. Munene alifungua duka la kuuza dawa za mifugo, mnamjua, mnampigia hodi. Mimi nilikaa miaka kumi na sita kwenye kazi ya kudumu. Kila siku nikitoka mjini kurudi Skuta, njia fupi ilikuwa kupitia Majengo, mbele ya kibanda ambapo Salim alikuwa anaziba rejeta za magari na kutengeneza majiko ya mafuta. Nilikuwa napita njia ndefu. Miaka kumi na sita ya viatu. Kahawa ikaanguka, chama kikaanza kupunguza watu, na meneja mpya, kijana tu, akaniambia barua yangu ya kudumu haina maana tena.

Mwezi uliofuata ndipo nilipokwenda Majengo. Nilikuta mzee kwenye kiti cha kamba, macho yameingia ukungu mweupe, lakini mikono bado inapapasa rejeta kwenye beseni la maji, ikitafuta povu. Nikamsalimia. Akaijua sauti.

Nilimweleza yote. Dawa, mkebe, Nderi, barua. Nilidhani nitamwambia jambo jipya. Aliendelea kupapasa ile rejeta.

"Niliionja, Gichuki. Nimepiga ile dawa kwenye mashamba ya wajomba zangu tangu utoto. Na goti lako nililiona."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale mkutanoni. Angejiokoa.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Nilikungoja kwenye ndoo. Nikakungoja ofisini. Nikasimama getini mpaka wakulima wakaisha, nikijua utatoka. Halafu nikahamishia kiti hapa barabarani, nikasema atapita." Akatoa rejeta majini, akaitingisha. "Leo umekuja kwa sababu na wewe wamekufukuza. Wangekuacha, ungekuja?"

Mara hii niliulizwa swali zima, na maneno mawili hayangetosha.

Nilidhani ataniambia niende. Adhuhuri ilikuwa imefika, na msikiti uko pale pale nyuma ya nyumba. Akanyoosha mkono chini ya kiti akitafuta birika, akalikosa kidogo kwa upande. Nikalichukua mimi. Akakunja suruali, akatoa miguu kwenye viatu, miguu ya mzee, imepasuka visigino. Nikamwagia. Akaniambia nimwage polepole, maji si ya chama. Akanawa mguu wa kulia mpaka kifundoni, halafu wa kushoto, bila haraka, kama alivyokuwa akifanya kwenye ule mfereji wa ukutani, nami nikiwa nyuma yake na kitambaa na unga wa chaki.

Alipomaliza akaniambia, "Haya. Umeniona tena nikinawa miguu. Sasa nenda ukawaambie na yale mengine."

Ndiyo haya.